Rafiki Asiyeonekana wa Chokocho: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Mtoto wa miaka minne aliyekaa chini ya mnazi hapa Chokocho, kisiwani Pemba, mbele yake vifuu vitatu vilivyojaa mchanga na kidaka kilichofungwa kipande cha kanga, yuko kazini. Akimhimiza mwanawe huyo wa kidaka ale upesi kabla chombo cha kwenda Kisiwa Panza hakijaondoka, kisha akageuka upande wa pili akamwomba mtu mwingine, ambaye wewe humwoni, asogee kidogo ampishe, bado yuko kazini. Kazi hiyo inavunjwa kila siku na watu wanaompenda: mama, bibi, ustadhi, mwalimu wa maandalizi, na sisi tunaotunga na kuchora vitabu vya watoto. Tunaivunja kwa hofu, kwa kejeli, na kwa kiu yetu ya kutoa mafunzo kila tunapofungua mdomo. Haya hapa ni maagizo. Sikuyalainisha, kwa sababu mtoto hana pa kushitaki.

Usilitaje jini kabla hujasikiliza

Pemba ina sifa ya uganga inayojulikana mwambao mzima, na sifa hiyo tumeiingiza hata katika malezi. Mtoto akisikika anazungumza peke yake nyuma ya nyumba, taharuki inaanza. Anahojiwa: unasema na nani? Anasomewa. Anavishwa hirizi. Akiendelea anapelekwa kwa mganga, na mchezo uliokuwa ukimpa raha unageuka ugonjwa wenye harufu ya ubani. Majini wapo, Qur'ani imewataja na sisi ni Waislamu. Ninalolikataa ni kumtwika jini kila jambo la mtoto ambalo sisi wenyewe tumekosa subira ya kulisikiliza.

Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, amewachunguza watoto wa namna hii kwa miaka mingi na mwaka 1999 akatoa kitabu kizima juu yao. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto tangu umri wa maandalizi: walipofika miaka 7, watoto 65 katika kila 100 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kubuni, ama asiyeonekana kabisa ama mwanasesere aliyepewa jina, sauti na tabia zake. Watoto wa Oregon si watoto wa Chokocho, najua. Lakini jambo linalowapata watoto wengi hivyo, wenye afya na akili timamu, haliwezi kuitwa ugonjwa kwa sababu tu limetokea chini ya mnazi. Tena watoto hao, katikati ya mahojiano, walikuwa wakimkumbusha mtu mzima anayeandika majibu yao kwamba rafiki huyo ni wa kujifanya tu. Walimhurumia, asije akadanganyika.

Kwa hivyo fanya hivi. Kaa karibu na shughuli yako, chagua mchele au suka ukili, usimkodolee macho. Sikiliza nani anamwamuru nani. Kwa kawaida rafiki wa kubuni huitwa akaja na hufukuzwa akaenda. Hukaripiwa kwa kumwaga mchuzi, husingiziwa kikombe kilichovunjika. Mtoto ndiye bwana wake. Ukilisikia hilo, mshukuru Mungu na uendelee na ukili wako.

Akikutajia jina la rafiki huyo, lishike na ulitamke vizuri. Usiwapelekee majirani wakalichekea barazani.

Usimnyang'anye mtoto mwanasesere kwa jina la dini

Wapo wanaomwona msichana na mwanasesere wa matambara wakamwambia hiyo ni sanamu, itupwe. Anayesema hivyo arudi vitabuni. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwamba Bibi Aisha, Mungu amridhie, alikuwa akicheza na wanasesere na shoga zake nyumbani kwa Mtume, na Mtume (S.A.W.) hakuwatawanya, akiwaona wamejificha kwa haya huwarudisha kwake wakaendelea kucheza. Katika Sunan ya Abu Dawud limo la farasi. Mtume alirudi safarini, upepo ukalifunua pazia, akaona katikati ya wanasesere wale farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akauliza ni nini kile, na mbawa zile ni za nini. Bibi Aisha akamjibu kwa kumuuliza kama hajasikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Wanavyuoni wamehitilafiana katika mambo ya sanamu na mimi si mufti. Lakini wengi wao wamewatoa wanasesere wa watoto katika katazo kwa ushahidi huu huu. Nami nawaomba maustadhi wa vyuo vyetu waitazame namna ile ya kuuliza: swali fupi, subira ya kusikia jibu lote, kisha kicheko cha furaha. Farasi hakukatwa mbawa ili afanane na farasi wa kweli.

Ujue lini unatakiwa kuingilia

Hapa nataka usome polepole.

Kwa kawaida rafiki wa kubuni hamwogopeshi mwenyewe. Ukiona mtoto anamwogopa huyo anayesema naye na hawezi kumfukuza, akasema ameamriwa ajiumize au aumize wenzake, akaacha kula, akaacha kulala, akawakimbia watoto wenziwe aliokuwa akicheza nao, au akapoteza maneno aliyokwisha kuyajua, mpeleke kwa daktari. Mtoto anayeganda ghafla, macho yametulia mahali pamoja, ukimgusa hana habari, kisha akazinduka asijue kilichopita, huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa. Hospitali ya Abdalla Mzee iko Mkoani. Si safari ya kuahirisha. Ukitaka kumsomea, msomee mkiwa njiani.

Na liko jingine zito zaidi. Mtoto akisema kuna mtu humjia, humshika, humwambia ni siri yao wawili, usimwambie ni mchezo wake, na usimwambie ni shetani. Michezo ya kubuni haiachi maumivu mwilini wala haimfanyi mtoto amkimbie ndugu fulani kila akibisha hodi. Maovu mangapi yamefunikwa kwa neno "shetani" kwenye visiwa hivi! Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 ipo, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo, na vituo vya Mkono kwa Mkono vipo hospitalini kwa ajili hiyo. Usimwogeshe mtoto kabla hajaonwa na daktari. Usimalize mambo kwa kikao cha ukoo. Usimuulize mara kumi kumi mpaka akanushe kwa uchovu. Mwamini mara ya kwanza, umpeleke.

Mzazi anayeujua mchezo wa mwanawe kila siku ndiye atakayeitambua siku ambayo si mchezo. Ndiyo maana nimesema usikilize.

Usimnyamazishe kwa Popobawa

Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, kiumbe cha kutisha kilichopewa jina la popo, ilianzia hapa Pemba, ikavuka Unguja, ikafika hata Dar es Salaam. Watu wazima walilala nje makundi makundi wakikesha. Waliokuwa watoto mwaka ule leo ni wazazi, na baadhi yao wanawalaza wana wao kwa jina lile lile lililowakosesha usingizi wao. Acheni. Mtoto anayetishwa kwa kiumbe ambacho mkubwa wake anakiamini hana nguvu ya kukifukuza, kwa sababu si yeye aliyekibuni. Zimwi la hadithi ni tofauti: linaingia kwa "Paukwa!" na linatoka hadithi ikiisha, na kila aliyekaa mkekani anajua hivyo.

Ubaya wa pili ni kwamba tumemchafulia jina mnyama wetu. Popo wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani. Anakula matunda na kusambaza mbegu za miti ya msituni. Miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa misitu, na walirudi kuongezeka kwa sababu wanavijiji waliamua kuwalinda, kama wale wa Kidike karibu na Chake Chake. Sasa nawaambia watunzi na wachoraji: mnapomtafutia mtoto wa Pemba rafiki wa kubuni katika kitabu cha picha, msiende kumwazima dubu. Dubu hajawahi kukanyaga hapa. Mnaye popo mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kahawia na uso wa mbweha, analala kichwa chini mchana kutwa. Mtoto atakuwa na mengi ya kumuuliza rafiki wa namna hiyo.

Mwachie vitu vya Chokocho

Usimnunulie mtoto gari la plastiki la elfu tano kisha ukatupa karara lake jalalani ukidhani umemwendeleza. Karara la mnazi linaelea. Leo ni jahazi, kesho ni kitanda cha mgonjwa, keshokutwa ni ng'ombe anayechezwa kwa kitambaa huku wenziwe wakipiga makelele kama wakubwa wao wanavyofanya kwenye mchezo wa ng'ombe baada ya mavuno. Gari la plastiki ni gari tu. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya michezo ya watoto, alitumia mfano wa fimbo inayopandwa ikawa farasi: hapo, alieleza, ndipo mtoto anapoanza kuitenga maana ya kitu na kitu chenyewe. Siku moja ataambiwa kwamba alama fulani juu ya karatasi ni sauti "ba". Aliyewahi kuifanya fimbo farasi ameshaizoea njia hiyo.

Watu wa mwambao waliliona hili bila kungoja Warusi. Skuli za maandalizi za mpango wa Madrasa, zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kufika Zanzibar mwaka 1990, zilisimamishwa juu ya vifaa vinavyookotwa: vifuu, mbegu, makombe ya pwani, maboksi, matambara. Wazazi walionung'unika kwamba watoto wanachezeshwa takataka badala ya kusomeshwa walikuja kuona wana wao wanaanza darasa la kwanza wakiwa wepesi wa kusema na kuuliza.

Kabla hujamwachia, pekua. Ondoa wembe, chupa iliyovunjika, betri iliyooza, sindano. Bahari ya bamvua haichezewi bila mkubwa mwenye macho, hata kama nahodha anadai amebobea.

Msimu wa karafuu ukifika, mtoto atakaa pembeni ya jamvi na makonyo yake, atayapima, atayauza, atakupunja bei. Mwachie. Ila usiutumie mchezo huo kama kisingizio cha kumtoa skuli au kumpandisha mkarafuuni. Matawi ya mkarafuu huvunjika bila taarifa, na aliyeanguka hachezi tena.

Usimkataze mvulana kupika wala msichana kuwa nahodha

Wavuvi wetu wakiwa dago hujipikia wenyewe. Anayemcheka mvulana mwenye kijungu cha mchanga akamuulize baba yake nani alimpikia huko. Na msichana akishika pondo la ufito akawaamuru wenziwe washushe tanga, abiria wakae.

Usiingie mchezoni bila kualikwa

Ukialikwa, kuwa unachoambiwa kuwa. Ukiambiwa wewe abiria, lipa nauli. Usilete hesabu ya chenji ili mtoto "ajifunze". Ukichoka, aga kama mtu mstaarabu, usivunje sufuria zao kwa mguu.

Itumieni redio na runinga, kisha zizimeni

Mwaka 2006 Zanzibar ilianza kufundisha watoto wadogo kwa redio kupitia mradi wa RISE, na kipindi chake, Tucheze Tujifunze, kiliwafikia watoto wa vijijini ambako hakukuwa na jengo la maandalizi. Mkeka chini ya mti na redio moja vilitosha. Nakiheshimu kipindi kile kwa sababu sauti haionekani. Mtoto alilazimika kumchora mwenyewe kichwani yule anayesema naye. Runinga inafanya kazi nyingine. Katuni ya Akili, inayotengenezwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ina msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala hukutana na marafiki zake wanyama katika nchi ya ndoto. Ni kazi nzuri, yenye Kiswahili kizuri, na inamwambia mtoto wa Kiafrika kwamba ndoto zake zinastahili kutazamwa. Lakini marafiki wale wamekwisha kubuniwa na mtu mwingine, wana rangi na sauti tayari. Kipindi kimoja kikiisha, zima. Usimwekee cha pili ili ukamilishe usingizi wako. Baada ya nusu saa utasikia Akili amehamia Chokocho, anachota maji kisimani na anagombana na mbuzi, na hapo ndipo kipindi kinapomfaa mtoto.

Usimuulize "Tumejifunza nini?"

Hili nalikataza kabisa. Mwalimu anasoma kitabu cha picha, watoto wamekodoa macho, wengine wamesogea mpaka wanakikalia kitabu, hadithi inaisha, na kabla mtoto hajavuta pumzi linakuja swali: hadithi hii inatufundisha nini? Nyuso zinabadilika. Wanatafuta jibu linalotakiwa. Mmoja anasema "tuwatii wazazi" na anapigiwa makofi, hata kama hadithi ilikuwa ya konokono.

Fanya haya badala yake. Kaa kimya kwanza. Rudi ukurasa wa picha waliyoing'ang'ania, uwaulize kuna nini hapo. Jibu lolote lipokee, hata la mtoto anayesema nyuma ya nyumba iliyochorwa amejificha mtu ambaye mchoraji hakumchora. Muulize huyo mtu anafanya nini. Bibi zetu walijua siri hii: msimuliaji hakuweza hata kuanza bila wasikilizaji kuitikia "Pakawa!" Hadithi ilikuwa ya pande mbili. Kitabu kilipoingia darasani tukampokonya mtoto zamu yake, tukamwachia kazi ya kunyamaza na kazi ya kujibu mtihani. Mrudishieni.

Usiruke picha ukakimbilia maneno. Nitatoa mfano wa kitabu kimoja mashuhuri, cha Mmarekani Maurice Sendak, kilichotoka mwaka 1963 na kupata Nishani ya Caldecott mwaka 1964. Mtoto Max amefanya utundu, amelazwa bila chakula, na chumba chake kinaota miti. Mwanzoni picha ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri msitu unavyokua ndivyo picha inavyopanuka, mpaka Max anapofika kwa madubwana, akawatawala na kucheza nao ngoma, ambapo kurasa mbili mbili nzima, mara tatu mfululizo, zinajaa picha bila neno hata moja. Akianza kutamani nyumbani picha zinapungua. Ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa. Yapo maneno machache tu kuhusu chakula alichowekewa, ambacho bado ni cha moto. Mwalimu anayezipita kurasa zile tatu haraka kwa kuwa "hazina kitu cha kusoma" amemnyima mtoto kiini cha kitabu.

Kitabu hicho kilipotoka walikuwepo wataalamu waliosema kitawaogofya watoto. Watoto hawakuogopa. Walimwona mwenzao akiwatazama madubwana machoni bila kupepesa na wakaomba kisomwe tena. Na Sendak hakumwandikia mama wa Max hotuba. Hakuna mtu anayemweleza mtoto kwamba madubwana yale hayapo.

Nyinyi watunzi, msimfichue rafiki

Ninajua jinsi hadithi zetu nyingi za watoto zinavyokwisha. Mtoto ana rafiki asiyeonekana, wakubwa wanashangaa, ukurasa wa mwisho mama anamkalisha chini, anamweleza kwamba rafiki huyo ni mawazo tu na kwamba afadhali acheze na watoto wa kweli. Mtoto anakubali. Mwisho. Mtunzi anadhani amelea, kumbe amemfukuza msomaji wake, kwa sababu mtoto wa Chokocho ana rafiki asiyeonekana na ana watoto wa kweli wa kucheza nao pia, wala hajaona ugomvi baina yao.

Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 umefanya kazi kubwa ya kuwafunza watunzi na kuhakikisha vitabu vya Kiswahili vya watoto vinachapishwa na kufika skuli. Bila jitihada kama hizo tungekuwa tunasoma bendera za kampuni za simu. Lakini tabia ya kumalizia kila hadithi kwa onyo, kunawa mikono, kupanda miti, kutii, bado imetukaa. Kunawa mikono kuna vitabu vyake na viwepo. Usimgeuze rafiki wa kubuni kuwa bwana afya.

Tazameni alivyofanya John Burningham wa Uingereza katika kitabu cha mwaka 1977 kuhusu msichana aitwaye Shirley aliyekwenda pwani na wazazi wake. Ukurasa wa kushoto wazazi wamekaa vitini, wanamkataza hiki na kile: usitupe mawe, usimguse mbwa yule. Ukurasa wa kulia hauna neno lolote. Shirley na mbwa yule yule wamepanda mashua, wanapigana na maharamia na kutafuta hazina. Pande mbili hazikutani. Hakuna anayeshinda, hakuna anayefichuliwa, na mtoto anayetazama anazisoma zote mbili kwa wakati mmoja.

Kitabu hicho kingeweza kuwa cha Chokocho, na sijui tunangoja nini. Kushoto mama yuko kwenye maji ya magotini wakati wa kupwa, anafunga mwani kwenye kamba, anasema usirowe nguo, usiende mbali, mwangalie mdogo wako. Kulia mtoto ameshavuka mkondo, ana mabaharia kumi, wawili kati yao ni kaa, na Kisiwa Panza kimegeuka nyangumi aliyelala. Hakuna haja ya kuongeza sentensi ya hekima.

Choreni kweli ili uongo ukae vizuri

Msichore ngalawa bila miti yake ya kuegemeza pande mbili mkaiita ngalawa. Huo ni mtumbwi, na mtoto wa hapa atafunga kitabu. Msiweke karafuu kavu juu ya mti. Msimvalishe bibi kanga iliyokatwa katikati ya pindo kwa sababu mchoraji aliitazama kwenye simu. Mtoto akiona mnazi, mashua na kanga vimekaa sawasawa, atawaamini mtakapomwambia kwamba popo aliyevaa kofia amemletea barua.

Mwaka 1940 safari ya Alice ya Lewis Carroll ilichapishwa London kwa Kiswahili kama *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na humo msichana amechorwa Mwafrika. Hata mfasiri wa kigeni wa zama za ukoloni alitambua kwamba anayeanguka katika shimo la sungura anatakiwa afanane na msomaji. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Mzanzibari Ida Hadjivayanis. Leo, mtunzi wa Kiswahili anayechukua picha za watoto wa Ulaya mtandaoni na kuzibandikia majina ya Asha na Juma hana udhuru.

Na Kiswahili chenu kiwe cha kusemwa. Someni kwa sauti mbele ya watoto wa miaka mitano kabla hamjakipeleka kitabu kwa mpiga chapa. Wanapoanza kuvuta nyuzi za mkeka, sentensi ile ni mbaya. Ikateni.

Msifungie vitabu kabatini

Nimeona vitabu vya picha vilivyotolewa msaada vikiwa vipya baada ya miaka, kwa sababu mkubwa wa skuli alihofia vitachakaa. Vimeliwa na mchwa vikiwa safi. Fungeni kamba ukutani, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka minne, na mvitundike kwa vibanio vya nguo, jalada likitazama mbele. Kitabu kikichanika, kishoneni kwa uzi na sindano. Gundi hapa kwetu haistahimili joto. Kila mtoto akichukue nyumbani kwa zamu, siku za Ijumaa ikiwezekana, pamoja na agizo kwa mzazi kwamba atakayeshindwa kusoma maneno asimulie picha.

Kitabu kikirudi kina mtu wa ziada aliyechorwa kwa penseli pembeni ya ukurasa, msimfute na msimtoze mtoto faini. Mwulizeni jina la mtu huyo na mliandike chini yake kwa hati inayosomeka, ili mtoto wa zamu inayofuata naye amjue.